Dalali Si Adui: Maneno kwa Wenzetu Wanaonunua na Kuuza Ardhi Nyumbani



Kabla ya kuanza michango, tuzungumze jambo linalotugusa sote watu wa Pangani, nalo ni kununua na kuuza ardhi.

Tuanze na aibu yetu wenyewe. Miaka michache iliyopita chama chetu kilinunua shamba ili tujenge nyumba ya kusubiria akina mama wajawazito. Dalali tulimkwepa, tukisema pesa ya michango isiliwe njiani. Tukamtuma mwenzetu, mtoto wa nyumbani, akapatana na muuzaji, tukalipa. Siku tuliyopeleka matofali walitokea watu wawili. Mmoja, ndugu wa muuzaji, alisema shamba ni la mirathi na halijagawanywa. Wa pili, bibi mtu mzima, alisema minazi ni yake. Wote wawili walisema kweli, na muuzaji pesa alikwishaitumia. Yule mwenzetu tungembana vipi? Ni ndugu yetu, na alijitolea bure.

Hapo ndipo tulipojifunza. Ndugu humwonea haya, lakini dalali unayemlipa unaweza kumwuliza mara tatu na kumdai majibu. Kwetu pwani, shamba laweza kuwa la mtu mmoja na minazi ya mwingine. Dalali mwenyeji, anayeshinda kwenye kazi hiyo, anajua mnazi ni wa nani, na mrithi yupi yuko Mombasa na hajaulizwa.

Muuzaji naye anamhitaji. Tangu kazi ya barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo ilipoanza, pamoja na daraja la mto wetu, wenye mashamba wanapigiwa simu na watu wasiowajua. Kule Chongoleani, jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima liliwekwa mwaka 2017, na macho ya wanunuzi yakageukia pwani yetu. Aliye mbali huuza shamba la babu kwa bei aliyoisikia zamani. Dalali anajua jirani ameuza kiasi gani mwezi uliopita.

Lakini tusidanganyane: wapo madalali wa kuogopwa. Kwa hiyo tunashauri hivi.

Mchague anayejulikana mtaani, mwenye makazi na watu wa kumdhamini. Patana naye kamisheni kwa maandishi mapema, ili asiweke cha juu kwa siri. Pesa ya ardhi isipite mkononi mwake. Mlipe muuzaji kwa benki, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili.

Dalali hachukui nafasi ya ofisi. Ardhi yenye hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Ardhi ya kijiji, nenda kwenye serikali ya kijiji, kwani chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 haki ya kimila haihamishwi bila halmashauri ya kijiji kuridhia. Ikiwa ni nyumba ya wanandoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mume na mke wote wakubali, hata kama jina ni la mmoja. Kama ni mirathi, muulize msimamizi wake, na umwone kwa macho yako.

Ndugu zetu, mwaka huu tunachangia kiwanja kingine kwa ajili ya nyumba ileile ya akina mama. Katika bajeti iliyomo humu mtaona kamisheni ya dalali na gharama ya mpima ardhi, kila moja kwenye mstari wake. Tumeziandika waziwazi kwa sababu mara ya kwanza tulibana pesa ndogo, tukapoteza kubwa, na mama zetu wangali wanavuka mto kwa uchungu usiku.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Safari hii daftari lipo. Karibuni tuchange.