Nchi Jirani: Shahada ya Pili ya Usanifu

Wako vijana wa Tanzania ambao, wakimaliza shahada ya kwanza, huvuka mpaka kwenda Nairobi au Kampala, na wengine huvuka bahari kwenda India, ili kutafuta shahada ya pili katika fani ya usanifu. Idadi yao si kubwa na safari zao hazitangazwi. Lakini jambo wanalolifuata huko linatuhusu sisi tuliobaki, maana linagusa viti tunavyokalia, majiko tunayopikia na chupa tunazotilia dawa za watoto.

Usanifu unaozungumzwa hapa si ule wa majengo. Mchora ramani za nyumba tunamfahamu, na heshima yake ilikwisha kutambuliwa zamani. Huu ni usanifu wa vitu vya matumizi: jembe, meza ya darasani, kitambaa, mashine ya kukoboa, hata fomu ya hospitali ambayo mgonjwa hushindwa kuijaza kwa sababu aliyeipanga hakumfikiria mgonjwa. Lugha yetu imezibebesha kazi hizi zote neno moja, na pengine hapo ndipo ulipo mzizi wa mkanganyiko. Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe anasomea usanifu, humwona tayari akisimamisha maghorofa. Akielezwa kwamba kijana huyo atatumia miaka miwili akichunguza jinsi watu wanavyobeba ndoo za maji, huuliza kama ada imelipwa kwa ajili hiyo. Swali la mzazi huyu si la kijinga, nalo linastahili kujibiwa.

Kwanza tukumbushane historia kidogo. Kati ya mwaka 1963 na mwaka 1970, Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa na chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na matawi yake matatu yaligawana fani. Sheria ilisomwa Dar es Salaam; uhandisi na usanifu wa majengo, Nairobi; udaktari na sanaa, Makerere. Mtanzania aliyetaka sanaa hakuonekana kwamba anakimbilia ugenini alipokwenda Kampala. Kabla ya hapo walikwisha kupita Makerere Sam Ntiro na Elimo Njau, wote wawili wana wa Kilimanjaro. Ntiro baadaye alikuwa balozi wa Tanganyika mjini London, na Njau akaanzisha Nairobi, mwaka 1965, nyumba ya sanaa aliyoipa jina la Kiswahili, Paa ya Paa. Mwalimu wao wa mwanzo alikuwa Margaret Trowell, mama wa Kiingereza ambaye shule ya sanaa ya Makerere ina jina lake hadi leo. Jina kamili la shule hiyo linataja viwanda pamoja na sanaa, na jambo hilo lina maana.

Kutoka Makerere mbegu ilipelekwa Nairobi. Gregory Maloba, Mkenya aliyechonga Mnara wa Uhuru uliosimamishwa Kampala mwaka 1962, alihamia Nairobi kufundisha usanifu. Huko alikuwako pia Selby Mvusi, msanii wa Afrika Kusini aliyekuwa ameihama nchi yake wakati wa utawala wa makaburu. Mvusi alishikilia kwamba Mwafrika wa leo anaishi katika dunia ya viwanda, na kwamba usanifu wake hauna budi kuanzia hapo. Alifariki katika ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1967, bado kijana. Hoja yake haijafariki. Wako watu hata leo ambao wakisikia usanifu wa Kiafrika hufikiria kinyago cha kumuuzia mtalii, kana kwamba Mwafrika hahitaji kiti cha kukaa mwenyewe.

Sasa turudi kwa yule mzazi. Jibu lake tulitafute jikoni. Jiko la makaa la bati ambalo mafundi wa Afrika Mashariki walilitengeneza kwa miaka mingi lilikuwa jepesi na rahisi, lakini lilitawanya joto kila upande, na makaa yakaisha kabla ya maharage kuiva. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa Kenya walitazama jiko la udongo la Thailand, wakalichukua wazo lake bila kulinakili. Ndani ya bati wakaweka bakuli la udongo wa kuchoma ili kuhifadhi joto. Majaribio ya mwanzo yaliwasumbua, maana bati na udongo havitanuki kwa kiasi kimoja vikipata moto, na udongo ukapasuka. Hatimaye likapatikana umbo lenye kiuno chembamba, udongo ukiwa sehemu ya juu tu, na kitako kikiwa kipana ili jiko lisipinduke mpishi anaposonga ugali.

Msikilizaji aliangalie vizuri jambo hili la mwisho. Mhandisi angeweza kupima joto maabara akatosheka. Lakini kusonga ugali ni kazi ya nguvu. Sufuria husukumwa, jiko huyumba, na mtoto yuko karibu. Ili kulijua hilo, ilibidi mtu akae jikoni na kutazama. Kisha ilibidi aulize tena: bati litakatwa na nani, na kwa zana gani? Umbo ambalo fundi wa Kamukunji hawezi kulikunja kwa nyundo na tindo lingebaki kwenye karatasi. Jiko hilo lilienea kwa sababu wahunzi na wafinyanzi waliweza kulitengeneza na kupata riziki. Lilivuka mipaka, na hapa kwetu likajulikana kama jiko bora.

Kazi ya namna hiyo ndiyo ambayo shahada ya pili ya usanifu inapaswa kuifundisha. Shahada ya kwanza humpa mwanafunzi mkono: kuchora, kukata, kuunganisha, kuchagua rangi na malighafi. Ya pili humdai sababu. Hupewa tatizo badala ya kupewa kitu cha kutengeneza. Huenda kulitazama pale lilipo, hutengeneza mfano, huupeleka kwa watumiaji, huona wakiutumia kinyume cha alivyotarajia, hurudi kuuvunja. Mwisho huandika tasnifu na kuitetea mbele ya wakubwa wake. Kijana aliyepita njia hiyo kwa uaminifu hawezi tena kumdharau mpishi wala mhunzi.

Wahindi waliliona hilo mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali yao iliwaomba Wamarekani wawili, Charles na Ray Eames, mtu na mkewe, waeleze India inahitaji shule ya namna gani. Wawili hao, katika ripoti yao, walikisifu zaidi ya vyote chombo cha kawaida kabisa cha kuchotea maji kiitwacho lota, ambacho hakina jina la msanifu, kwa kuwa kimesahihishwa na vizazi vingi vya mikono. Taasisi ya Taifa ya Usanifu ikafunguliwa Ahmedabad mwaka 1961. Inafaa kukumbuka kwamba nchi hiyo wakati huo haikuwa tajiri, na haikusema usanifu usubiri utajiri.

Na sisi wa Afrika Mashariki? Mwezi wa Mei mwaka 2017, wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza kwamba nchi zao ni eneo moja la elimu ya juu. Maana yake ni kwamba masomo aliyoyapata kijana Kampala yatambuliwe Dar es Salaam, naye asihesabiwe kuwa mgeni pale anapotakiwa kulipa ada. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, lina kazi ya kuoanisha mambo hayo. Tangazo ni jambo jema. Lakini kijana hasomi kwa tangazo. Afisa wa udahili anayezungusha faili la Mtanzania kwa miezi mitatu, akitafuta shahada yake ya kwanza inalingana na ipi, anafanya kazi ya kuuvunja uamuzi wa marais, pengine bila kujua.

Liko tatizo jingine, nalo si la mipaka. Tasnifu nyingi zikishatetewa hupelekwa maktaba na hazitoki humo. Hatua chache nje ya lango, mafundi wa Katwe, wa Kamukunji na wa Gerezani wanakata bati kwa vipimo vya mwaka juzi. Serikali au mzazi anayelipia miaka miwili ya usanifu ana haki ya kudai sharti moja: kwamba siku ya utetezi, pamoja na maprofesa, aitwe fundi mmoja wa kazi hiyo, akabidhiwe ule mfano mikononi, aseme kama anaweza kuutengeneza na kuuza kwa bei gani. Maprofesa waandike jibu lake kwenye ripoti ya watahini.