Vantilateri ya kimya: pima kwanza, nunua baadaye

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama kwenye mkutano wetu, Kisangani)



Komite imeniomba niseme juu ya kitu kidogo: vantilateri, ile wengine wanaita feni, inayopoza prosesa ya ordinateri. Najua kuna atakayeuliza: watu wamerudi, wanatafuta nyumba na pesa ya masomo ya watoto, na sisi tunazungumza vantilateri? Ndiyo, tunaizungumza. Orodha ya wanachama, michango, barua za wale wanaodai viwanja vyao, vyote viko ndani ya ordinateri. Tena ofisi yetu ni chumba kimoja. Mama akija kueleza shida ya nyumba yake, na mashini inanguruma sawa grupu ya umeme, lazima apaze sauti, na walio kwenye benchi nje wanasikia yote. Kwa hiyo kelele hii inagusa heshima ya watu.

Tuelewe kwanza kazi yake. Prosesa ikifanya kazi inatoa joto. Juu yake kuna radiateri ya chuma, sawa ile ya motokari, na vantilateri inasukuma hewa ipite kati ya mabati yake. Lakini vantilateri haitengenezi baridi. Inatumia hewa ya chumba vile ilivyo. Sisi tuko karibu na ikweta. Mchana hewa inafika digri 30 na kupita. Mashini iliyokuwa kimya kule Ubelgiji, ndani ya chumba cha digri 20, hapa inaanza kazi na digri 10 za ziada. Vantilateri inakimbia sana juu ya hizo digri 10. Prosesa nyingi zikikaribia digri 100 zinajipunguzia mwendo zenyewe. Joto likizidi, mashini inazimika, na kazi ambayo haijahifadhiwa inapotea.

Sasa, kabla ya kutoa pesa, safisha. Zima mashini, chomoa waya wa kuranti, fungua sanduku. Zuia mabawa ya vantilateri kwa kidole yasizunguke, toa vumbi kwa brosi laini. Halafu kuna pati, ile dawa ya kijivu au nyeupe kati ya prosesa na radiateri. Ikikauka, joto halipiti vizuri. Futa ya zamani kwa alkoli, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi, basi. Kuna mashini ambazo kelele yake inaisha hapo hapo.

Kama bado inapiga kelele, tafuta nyingine, lakini angalia mambo manne.

La kwanza, matundu ya kushikia. Kwa prosesa za Intel, matundu ya kadi mama yanaachana milimita 72 kwa zile za LGA 775, milimita 75 kwa LGA 1155, 1150, 1151 na 1200, na milimita 78 kwa LGA 1700. Za AMD, kama AM4, zina mpango wao kabisa. Milimita 3 ni kidogo kwa macho, lakini radiateri ikilazimishwa inakaa upande, haigusi prosesa sawasawa. Tena ordinateri nyingi za ofisi zina umbo lao wenyewe na kichwa cha waya chao wenyewe. Kwa hizo, nakili namba iliyoandikwa kwenye vantilateri ya zamani.

La pili, urefu. Pima kwa rula kutoka juu ya prosesa mpaka kwenye kifuniko. Radiateri nzuri ya milimita 155 haina maana kama sanduku ni jembamba.

La tatu, nguvu. Prosesa nyingi za ofisi ni za wati 65. Kwa joto la hapa, usichukue radiateri inayotosha wati 65 kamili. Chukua ya 95 au zaidi.

La nne, kelele yenyewe. Vantilateri kubwa inayozunguka polepole inapita ndogo inayokimbia. Ile ya milimita 120 inasukuma hewa nyingi bila haraka. Ya milimita 80 lazima ihangaike. Ukipunguza mwendo wa vantilateri kwa nusu, kelele inashuka karibu desibeli 15, na sikio linasikia tofauti kubwa. Tafuta yenye waya nne, kwani waya wa nne ndio unaoiambia iongeze mwendo au ipunguze kufuatana na joto.

Kwa nini kupima hivi? Vitu vyetu vinapanda mto kutoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700, ao vinakuja kwa barabara kutoka upande wa Uganda. Kitu kisichoingia hakina njia ya kurudishwa dukani. Kinabaki kwenye kabati, na pesa ya mchango imekwenda.

Wafadhili wetu, hapo ndipo tunawaomba. Kabla ya kutuma vipuri, tuulizeni aina ya prosesa, urefu, wati na idadi ya waya. Tutawapa na picha. Kama mnatuma ordinateri iliyotumika, ifungueni kwanza, mwondoe vumbi, mweke pati mpya. Mashini moja iliyopimwa inatusaidia kuliko tatu zilizotumwa haraka.

Na sisi hapa: tusiweke mashini chini kwenye vumbi, wala kuibana ukutani. Mwenye ordinateri yenye kelele aandike namba zake kwenye karatasi aniletee. Rula ninayo. Tutapima pamoja kabla mtu hajatoa hata franka moja.