Bima ya Duka: Fungua Kifurushi Kabla ya Kulipa

Usiku wa Julai 10, 2021, soko kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, liliungua. Januari 2022 ikawa zamu ya soko la Karume, Ilala. Mara zote mbili wafanyabiashara wadogo waliona mitaji yao ikigeuka majivu. Na tujuavyo sote, duka likiungua, deni la benki haliungui.

Ndiyo maana leo nazungumzia bima ya kifurushi. Hii ni hati moja inayokusanya kinga kadhaa: moto, wizi wa kuvunja, fedha zilizo dukani au njiani kwenda benki, na madai ya mteja aliyeumia ndani ya duka lako. Faida yake ni dhahiri. Unalipa mara moja, unakumbuka tarehe moja, na aghalabu bei ni nafuu kuliko kununua kila kinga peke yake. Lakini kifurushi hufungwa na muuzaji, naye mnunuzi hana budi kukifungua.

Jambo la kwanza ni kiasi cha bima. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Tuseme bidhaa zako zina thamani ya shilingi milioni 20, nawe, ili kupunguza ada, ukaandikisha milioni 10. Moto ukiteketeza bidhaa za milioni 8, usitazamie kulipwa milioni 8. Hati nyingi zina sharti la uwiano: kwa kuwa ulikatia bima nusu ya mali, utalipwa nusu ya hasara, yaani milioni 4. Na hapo hukatwa tena kile kiasi ambacho hati inasema utakibeba mwenyewe. Kwa hiyo usikubali kiasi kilichokwisha kuandikwa kwenye fomu. Hesabu mali yako, na ukiongeza bidhaa kabla ya sikukuu, iarifu kampuni.

La pili ni yale yasiyolipwa. Kinga ya wizi kwa kawaida hudai alama za kuvunja mlango, dirisha au ukuta. Mali ikichukuliwa mchana na kijana wa dukani, hiyo ni habari nyingine. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Je, kifurushi chako kinataja kuanguka kwa jengo, au moto tu? Mafuriko je? Uliza, na jibu ulione katika maandishi.

La tatu, ni nani anayelindwa? Mwenye mkopo huenda tayari anakatwa bima na benki. Mara nyingi bima hiyo hulilinda deni, si duka. Usidhani unayo kinga ya mali kumbe anayelindwa ni mkopeshaji. Vilevile, kinga ya wafanyakazi iliyomo katika kifurushi haikuondolei wajibu wa kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008.

La nne ni ushahidi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya madai utaulizwa ulikuwa na nini dukani. Daftari na risiti vikiungua pamoja na vitambaa, utajibu nini? Weka nakala nyumbani, na picha za bidhaa kwenye simu.

Mwisho, hakikisha kampuni na wakala wamesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Lipa ada yote na upokee risiti, kwa maana hapa nchini pasipo ada hapana kinga. Ahadi ya mdomo ya wakala haizimi moto. Na endapo madai yako yatakataliwa bila sababu ya haki, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa kisheria.

Ndugu mfanyabiashara, kifurushi cha bei ya chini kisicholipa siku ya msiba ni ghali kuliko vyote. Heri kinga tatu zinazolifaa duka lako, zenye kiasi kamili, kuliko kinga nane za nusu nusu. Tahadhari kabla ya hatari.