Eastleigh na Wajibu wa Jiji

Uhalifu wa chuki ni kosa ambalo mtendaji humchagua mwathiriwa kwa sababu ya kabila, dini au asili yake, wala si kwa jambo alilolitenda, na ndiyo maana madhara yake hayaishii kwa aliyepigwa, bali huwafikia wote wanaofanana naye, ambao kesho yake husita kupanda matatu, kufungua duka au kumpeleka mtoto shuleni. Jiji la Nairobi lilishuhudia uhalifu huo Novemba 2012, baada ya bomu kulipuka ndani ya matatu mtaani Eastleigh tarehe 18 na kuua abiria kadhaa, kwani makundi ya vijana yaliwageukia Wasomali wa mtaa huo, yakarusha mawe kwenye nyumba zao, yakavunja maduka na kupora mali, bila kujali nani ni raia na nani ni mkimbizi.

Mazoea ya kukiita kitendo cha aina hiyo hasira za wananchi ni udhaifu ambao jiji halina budi kuuacha, maana hasira haishtakiwi, ilhali aliyeondoka na bidhaa za jirani yake begani ana jina na anastahili kufikishwa mahakamani. Aidha, dhana kwamba Eastleigh ni maficho ya wauaji inapuuza ukweli kwamba wakazi wake wenyewe wameshambuliwa humo: tarehe 7 Desemba mwaka huohuo mlipuko nje ya msikiti ulimjeruhi vibaya mbunge wa Kamukunji, Yusuf Hassan, ambaye ni Mkenya wa asili ya Kisomali, pamoja na waumini waliokuwa wametoka kusali.

Mwezi huohuo serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini wahamie kambi za Dadaab na Kakuma, agizo ambalo Mahakama Kuu ililibatilisha Julai 2013. Hata hivyo Aprili 2014 ulifuata msako wa polisi ulioitwa Operesheni Usalama Watch, ambamo maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa, na baadhi yao wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Raia aliyetoa kitambulisho aliweza kuambiwa kwamba ni cha bandia, na kwa wengi njia ya kurudi nyumbani ilikuwa kutoa kitu kidogo. Ni vigumu kumtarajia kijana wa mtaani amheshimu jirani ambaye askari mwenyewe humtendea kama mshukiwa wa tangu kuzaliwa.

Ni kweli kwamba kaunti ya Nairobi, inayoliendesha jiji, haiwaamuru polisi, ambao kwa mujibu wa Katiba ya 2010 wako chini ya serikali ya kitaifa, lakini hoja hiyo imekuwa kichaka cha kujifichia. Leseni za biashara, masoko na zahanati viko mikononi mwa kaunti, nayo inaweza kumsamehe ada mfanyabiashara aliyeporwa, kuwatibu majeruhi bila kuwadai kitambulisho kwanza, na kumpa mlalamikaji ofisa wa kumsindikiza kituoni, akae naye hadi apewe nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, kwa sababu aliyeporwa leo na kutozwa rushwa jana hawezi kukiendea kituo hicho peke yake kwa moyo mkunjufu.

Kitabu hicho ndicho kiini cha suala lote. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inaadhibu uchochezi, yaani maneno ya kuamsha chuki ya kikabila, lakini jiwe lililorushwa kwa chuki hiyohiyo huandikwa kuwa uharibifu wa mali tu, na duka lililovunjwa huandikwa kuwa wizi, hivi kwamba nia iliyoyaunganisha matukio hayo hupotea kwenye karatasi. Kaunti na polisi wakikubaliana kuandika nia hiyo kila mlalamikaji anapoitaja, pamoja na mtaa na saa ya tukio, na takwimu hizo zikisomwa katika bunge la kaunti kila baada ya miezi mitatu, wawakilishi wa wadi za Eastleigh wataweza kuuliza hadharani ni kesi ngapi zimefika mahakamani na kwa nini nyingine zimekwama kituoni.