Marekebisho Mabovu ya Wenye Chombo Waliotangulia
Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya wavuvi vya Ng'ambo, Unguja



Ng'ambo ni makao ya watu wengi ambao riziki yao iko pwani ingawa nyumba zao haziko pwani. Mvuvi hulala Mwembetanga, Miembeni au Kikwajuni, na chombo chake hulala Malindi, Kizingo au Mtoni. Zamani mambo hayakuwa hivyo. Hori la bahari lililoutenga Mji Mkongwe na upande wa pili, ambalo ndilo lililoipa Ng'ambo jina lake, lilileta maji mpaka Darajani. Lilifukiwa kidogo kidogo, hata likamalizika katika miaka ya 1950, na maji yakaenda mbali na milango ya watu. Jambo hili lina uzito wake katika mazungumzo haya, kwa sababu chombo kisichoonwa kila siku ndicho kinunuliwacho kwa kutazamwa mara moja tu, alasiri moja, kikiwa kimepakwa rangi mpya.

Vyama vingi havianzi na chombo kipya. Ni kweli kwamba kuanzia mwaka 2022 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iligawa boti za faiba kwa vikundi vya wavuvi na wakulima wa mwani, lakini madau na mashua za mbao bado ni nyingi, na nyingi kati ya hizo zimekwisha kupitia mikono ya watu wawili au watatu. Kila mkono umeacha alama yake. Upo ulioacha kazi njema, na upo ulioacha kazi ambayo fundi akiifunua hukaa kimya kwanza kabla ya kusema neno.

Kabla ya kulaumu, haki itendeke. Nahodha aliyepasukiwa ubao nje ya Chumbe wakati wa kusi, akauziba kwa kipande cha debe, kitambaa na misumari minne, kisha akawarudisha vijana wake nyumbani salama, hakufanya kosa. Alifanya kazi ya kusifiwa. Kosa huanza pale kipande kile cha debe kinapobaki mahali pake miaka mitano, kikapakwa rangi juu yake, kikasahauliwa, na hatimaye kikauzwa pamoja na chombo bila ya kutajwa. Marekebisho ya dharura yana muda wake, na aghalabu uovu wa marekebisho mabovu si mkono wa aliyeyafanya bali ni uvivu wa aliyeyaacha.

Aina za ubovu huo ni nyingi, lakini mbili zimezidi nyingine kwa madhara, nazo ni zege na faiba.

Chombo kikianza kuvuja karibu na mkuku, mahali ambapo ni taabu kufika, mwenyewe hushawishika kumimina zege katika ngama. Siku ya kwanza maji hukoma, na watu hufurahi. Lakini mbao za chombo hazikai kimya. Hunywa maji zikavimba, hukaushwa na jua zikanywea, na kila mara hucheza kidogo kwa mawimbi. Zege haichezi. Baada ya muda hutokea mwanya mwembamba kati ya zege na mbao, maji yakaingia humo na kutuama, na hapo ubao huoza pasipoonekana na jicho la mtu. Tena kuna uzito. Debe moja la zege lina zaidi ya kilo 40, kwa hiyo madebe sita ni kama kuwachukua watu wanne ambao hawavui, hawafui maji, wala hawashuki. Wako watakaosema kuwa zege ni farumi. Sivyo. Farumi huhamishwa, hupunguzwa na hutupwa baharini hali ikichafuka, ilhali zege hushuka na chombo chake.

Watu wa mjini wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe, udongo na chokaa, na kuta zake hupumua. Aliyezipiga lipu ya saruji akidhani anaziimarisha, alifungia unyevu ndani, na ukuta ukalika kwa ndani huku uso wake ukiwa safi. Ndiyo maana wataalamu wa hifadhi ya mji huo huhimiza chokaa. Chombo na nyumba si kitu kimoja, lakini kosa ni hilo hilo, nalo ni kuweka kitu kigumu kisichopumua juu ya kitu kinachopumua.

Faiba ni kitu kizuri katika boti iliyoundwa kwa faiba. Ikibandikwa juu ya dau la mbao lililochakaa, huwa ni kanzu nyeupe juu ya kidonda. Ubao wa dau la kwetu umekunywa sifa kwa miaka mingi, na gundi ya faiba haishiki vyema juu ya mbao yenye mafuta au unyevu. Hushika mwaka mmoja, pengine miwili, kisha huachana, na maji huingia katikati bila ya njia ya kutoka. Ganda hilo likishapasuka, mdudu wa baharini naye hupata mlango. Mdudu huyu, ambaye wengi humdhani kuwa ni mnyoo, kwa hakika ni wa jamii ya kombe na chaza. Huingia akiwa mdogo mno, tundu lake la nje likiwa kama ncha ya pini, kisha hukua ndani na kuchimba mapito marefu. Wazee walimwua kwa kukipandisha chombo maji yakitoka na kukichoma chini kwa makuti makavu, kisha wakapaka deheni ya shahamu na chokaa. Dau lililovishwa faiba haliwezi kuchomwa. Kwa hiyo aliyelivisha aliiondoa dawa ya zamani asilete dawa mpya.

Mengine yaelezwe kwa ufupi. Lami iliyopakwa juu ya nyufa huficha ufa, haiutibu. Kalafati ya mifuko ya plastiki na matambara haivimbi pamoja na mbao kama ivimbavyo pamba iliyotiwa mafuta. Kalafati iliyoshindiliwa mno kwa nyundo ni mbaya pia, kwani mbao zikivimba hukosa nafasi, zikajing'oa katika misumari yake. Misumari isiyopakwa zinki hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma, hivyo huipasua mbao na kuilainisha pembeni mwa tundu. Fundi mwema hutoboa kwanza kwa keekee, akazungushia uzi wa pamba wenye mafuta chini ya kichwa cha msumari, ndipo akapigilia. Na kosa linalokutwa mara nyingi ni ubao mpya uliopigiliwa juu ya taruma lililooza. Msumari umeingia, lakini haukushika kitu.

Je, chama kitajuaje haya kabla ya kutoa fedha za wanachama?

Wakati wa kukagua ni bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu. Katika bamvua kubwa maji ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4, na chombo kikipandishwa juu kabisa ya pwani maji yakijaa, hubaki pakavu siku nyingi hadi bamvua linalofuata. Muuzaji anayekataa chombo chake kipandishwe amekwisha kujibu maswali yote. Kamati iende na fundi wake yenyewe, asiwe jamaa wa muuzaji. Fundi agonge kila ubao kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Mbao nzima hulia, mbao iliyooza hujibu kwa sauti ya kizibo. Achome kwa ncha ya kisu pembeni mwa misumari. Aangalie pia sehemu za juu, maana wengi huinama kutazama chini tu. Maji ya chumvi huichelewesha mbao kuoza, bali maji ya mvua yanayotuama juu ya fashini na kwenye maungio huiozesha upesi.

Kisha muuzaji aulizwe kwa adabu. Swali la "Mzee, chombo hiki ni kizima?" halina faida, kwa kuwa jibu lake ni moja tu. Aulizwe: "Mzee, ubao huu wa tatu kutoka mkukuni ulibadilishwa lini, na fundi alikuwa nani?" Mzee mkweli atasema, "Mwanangu, huo nilibadilisha miaka minne iliyopita, na taruma lake sikuligusa kwa kuwa fedha iliniishia." Jibu kama hilo lina thamani kuliko punguzo la bei. Katibu aliandike.

Ikiwa chombo kimekwisha kununuliwa na ubovu umegunduliwa baadaye, kazi ifuate mpango. Kwanza kuvunja na kutoa kila kilichowekwa vibaya: zege, faiba, bati na lami. Hatua hii huwatia wanachama hofu, kwani chombo kilichoonekana kizima juzi sasa kina matundu. Hapana njia nyingine. Baada ya kukauka na kuoshwa, mkuku utazamwe, halafu mataruma, kisha mbao, na kalafati iwe ya mwisho. Anayeanza na kalafati anajenga nyumba kwa kuanzia dari. Kuhusu mbao, mwembe ni rahisi na hupatikana Unguja, lakini haudumu kama mvule au msaji. Afadhali chama kinunue mbao chache nzuri za chini na kutumia mwembe sehemu za juu, kuliko kujaza chombo kizima mbao za bei ndogo.

Ichukuliwe mfano. Chama kina wanachama 12, na kila mmoja ametoa hisa ya shilingi 250,000, jumla shilingi 3,000,000. Dau limenunuliwa kwa shilingi 2,400,000, na zimebaki 600,000 za nyavu. Zege inapovunjwa, fundi anakuta mataruma manne na mbao sita zimeoza, na kazi inahitaji shilingi 1,500,000. Katika mkutano wa chama kama hicho mawazo matatu hutolewa. Wa kwanza husema wanachama waongeze hisa. Wa pili husema chombo kichanguliwe, mlingoti, foromali, tanga na nanga viuzwe. Wa tatu husema kwa sauti ya chini, "Sisi tuliuziwa hivi. Nasi turudishe zege, tupake rangi, tuuze."

Wazo la tatu lisipuuzwe kana kwamba ni la watu wabaya. Ni wazo la watu walioweka fedha za ada za skuli za watoto wao katika dau, na sasa wanaziona zikizama pwani. Lakini katibu anao wajibu wa kuuliza swali moja na kulitia katika kumbukumbu za mkutano: nani atakayelinunua? Pwani ya Unguja si pana. Mnunuzi atakuwa mvuvi wa Mtoni, au wa Chwaka, au chama kingine kilicho katika umoja huu huu, na vijana watakaokuwa ndani siku zege itakapoachia ni watoto wa watu wanaojulikana. Chombo chenye ubovu kikiuzwa, kiuzwe kwa bei ya ubovu wake na maelezo yake yaandikwe. Hasara itakuwapo. Itagawanywa kwa hisa, na kila mmoja ataijua sehemu yake.

Unguja haihitaji kukumbushwa kwa maneno mengi. Meli ya Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, na Skagit ikazama 18 Julai 2012 karibu na Chumbe. Zote mbili zilikuwa zimewahi kufanya kazi katika nchi nyingine kabla ya kuletwa hapa. Sababu za ajali hizo si mada ya leo. Vyombo vikubwa vinayo Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009. Kwa dau, jicho la kwanza ni la wenye dau wenyewe.

Kwa sababu hiyo kila chama kiwe na daftari la chombo, mbali na daftari la fedha. Iandikwe humo tarehe ya kila marekebisho, jina la fundi, ubao uliobadilishwa, mti uliotumika na aina ya misumari. Marekebisho ya dharura yaandikwe kwa wino mwekundu mpaka yatakapoondolewa. Chombo kikiuzwa, daftari liende nacho.

Jambo la mwisho ni la siku ya kushusha. Dau lililokaa pakavu muda mrefu litavuja hata kama kazi ni njema, kwa kuwa mbao zimenywea. Lisitiwe lami kwa hofu. Limwagiwe maji ya bahari asubuhi na jioni kwa siku mbili tatu kabla ya bamvua, kisha lishushwe na kufungwa karibu na pwani, na watu wawili walale ndani wakiwa na upo na taa. Maji yakipungua kila saa, mbao zinajifunga. Yasipopungua hadi alfajiri, aitwe fundi kabla ya kuitwa nahodha.