NANI ALIPE GHARAMA YA MOSHI?



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetufikisha Ramadhan hii, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Masheikh, wazee wetu, akina mama na vijana wenzangu. Mada niliyopewa ni sigara. Madhara yake mmeshayasikia mara nyingi, kwa hivyo leo nitazungumzia lile tusilolizungumza sana: pesa za kupambana nayo.

Ndugu zangu, mtazameni mvutaji katika mwezi huu. Tangu alfajiri hadi magharibi haigusi sigara, kwa sababu anajua itambatilishia saumu. Ikiadhiniwa anakula tende, anakunywa maji, halafu anatoka nje kuwasha. Wengine wetu humcheka. Mimi nasema huyu ameshaonyesha kwamba anaweza. Aliyejizuia saa 13 anahitaji kushikwa mkono tu, auvuke na usiku.

Lakini atashikwa na nani? Muuguzi wa kumshauri anataka mafunzo. Dawa za kupunguza hamu zinanunuliwa. Matangazo ya redio yanalipiwa. Sheria yetu inakataza kuuza sigara moja moja, na kumuuzia aliye chini ya miaka 18, lakini nendeni vibandani muone. Afisa wa kukagua vibanda naye anataka mshahara na nauli. Sheria bila pesa ni karatasi tu.

Sasa, je, pesa hizo hazina njia? Njia ipo. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 iliunda Hazina ya Kudhibiti Tumbaku. Kanuni za 2014 zikamtaka kila mtengenezaji na mwagizaji atoe kila mwaka mchango wa fidia wa asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zake. Yaani katika kila shilingi 100, shilingi 2. Kampuni ya BAT Kenya ilizipinga kanuni hizo mahakamani kuanzia 2015, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na Novemba 2019 ikashindwa. Wala si sisi wa kwanza. Thailand tangu 2001 inatoza asilimia 2 juu ya ushuru wa tumbaku na pombe, na pesa hizo zinakwenda katika mfuko wa afya uitwao ThaiHealth.

Mtu atasema: si kampuni zinalipa ushuru tayari? Ndiyo, lakini ushuru unaingia kapu moja na barabara na madeni. Fidia ina kazi yake maalum: utafiti, kuelimisha umma na kuwasaidia wanaotaka kuacha. Na hivi sasa mgonjwa wa mapafu akilazwa, anayechanga ni nani? Ni jamaa zake na sisi hapa msikitini. Faida inakwenda kwao, harambee inabaki kwetu.

Mwingine atauliza: pesa ya sigara itaingiaje katika jambo la kheri? Hebu tutofautishe. Kampuni ikituletea jezi za mpira au futari, hiyo tuikatae, maana inanunua kimya chetu, na sheria ya 2007 imekataza udhamini wa namna hiyo. Fidia si zawadi. Ni haki inayodaiwa, kama anayevunja chombo cha jirani anavyolipa. Upande wa fiqhi, masheikh watatufafanulia zaidi.

Vijana wenzangu, tufanye mambo mawili. Kwanza, tumuulize mbunge wetu, na tuwaulize wa kaunti: pesa za Hazina hiyo zimefika zahanati ipi hapa kwetu, na zimefanya nini? Tuulize kwa adabu, lakini tusichoke. Pili, tusingoje serikali. Kila mmoja amchukue mvutaji mmoja, akae naye baada ya futari, watoke pamoja kwenda tarawehe. Hilo halihitaji bajeti.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu na awape nguvu wanaotaka kuacha. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.