Neno la wakati katika barua ya Kiingereza

Leo tungependa kuongea na makatibu, wale tunaowapa kalamu kila mara kikundi kinapoomba msaada.

Barua yetu ya kwanza kwa Kiingereza ilikuwa ya kuomba fedha za kupanua zizi. Tuliandika: "We kept goats for three years." Jibu likaja likituuliza, mbona mliacha kufuga? Tukashangaa sana, na mbuzi wako pale nje wanalia! Kumbe tulikuwa tumesema tulifuga, tukaacha. Tungeandika: "We have kept goats for three years," yaani tulianza na hata leo tunafuga. Kwa sababu ya neno hilo moja tulingoja miezi mingine 4.

Tangu siku hiyo tunatafuta kwanza neno la wakati, ndipo tunachagua kitenzi.

Ukiona "yesterday", "last year" au "in 2022", jua wakati huo umekwisha kufungwa. Andika: "We dug the well last year." Usiandike "We have dug the well last year", hata kama maji yangali yapo. Ukitaka "have dug", ondoa "last year".

Kwa "since", Kiswahili chetu hutuponza. Sisi husema "tunaweka akiba tangu 2021", halafu tunaandika "We are saving since 2021". Sahihi ni: "We have been saving since 2021." Kumbuka pia kwamba "since" hutaja siku ya kuanza, na "for" hutaja urefu wa muda, kama miaka 3.

Jambo la desturi halihitaji "are" na "-ing". Tunakutana kila Alhamisi ni "We meet every Thursday".

Na kwa yale yajayo, "will" huandikwa upande mmoja tu: "When the rains come, we will plant." Msiseme "When the rains will come".

Basi, kabla ya kutia barua posta, isomeni mkutanoni kwa sauti. Pigeni mstari chini ya kila neno la wakati, mkiulizana: jambo hili lilikwisha, au lingali linaendelea? Kama hamna hakika, mwiteni kijana wa sekondari awasaidie. Kuuliza si ujinga.